Jumba Lenye Zizi Katikati: Historia ya Boma la Kajiado

Msafiri anayetoka Nairobi kuelekea Namanga hupita Kitengela katikati ya kuta. Kuna kuta za mawe ya kuchongwa, kuta za mabamba ya saruji, malango ya chuma, na mabango yanayotangaza ploti za futi hamsini kwa mia kila baada ya hatua chache. Akishapita Isinya, kuta huanza kuadimika. Nyanda hufunguka pande zote mbili za barabara, na kwa mbali, kwenye mwinuko usiotuamisha maji, huonekana duara la matawi ya miiba. Ndani ya duara hilo nyumba za udongo zimejipanga zikizunguka uwanja ambao mchana huwa mtupu na usiku hujaa ng'ombe.

Magari mengi hulipita duara hilo bila kupunguza mwendo. Machoni pa wengi, hivyo ni vibanda tu vya wafugaji wanaosubiri kujenga nyumba za maana. Sivyo. Boma la Wamaasai, ambalo wenyewe huliita enkang, ni usanifu uliokamilika. Lina ramani, lina kanuni za nani ajenge wapi, lina mafundi wanaorithishana ujuzi na lina historia ndefu kuliko mji wowote ulioko kando ya barabara hiyo. Ni makazi ya ua wa ndani, na kwa mpango wake ni ndugu wa majumba yanayoipa Afrika Kaskazini sifa duniani kote.

Mfano maarufu wa majumba hayo ni Bahia, mjini Marrakech, nchini Morocco. Ujenzi wake ulianza miaka ya 1860 chini ya Si Musa, waziri mkuu wa Sultani Muhammad IV. Mwanawe, Ba Ahmed, aliupanua kati ya 1894 na 1900, kipindi ambacho yeye ndiye aliyeiendesha nchi kwa niaba ya Sultani Abdelaziz aliyekuwa bado kijana. Jumba na bustani zake vilifikia takriban hekta 8. Kwa nje halina la kujionyesha: ukuta mrefu, lango, kisha njia inayopinda. Fahari yote imewekwa ndani, katika nyua zinazofuatana. Ua mkubwa kuliko zote umetandazwa marumaru, na nyingine zina michungwa na maji. Vyumba hufungulia milango yake uani, na wake wa Ba Ahmed walitengewa makazi yao kuzunguka nyua hizo.

Mpango wa aina hiyo una sababu zake. Ua hutoa mwanga na hewa bila kuruhusu vumbi la njiani. Ukuta usio na madirisha huzuia jua kali na macho ya wapita njia. Lango moja hurahisisha ulinzi. Na juu ya yote, ua huwapa watu wa nyumba moja mahali pa kukutana bila kutoka nje.

Afrika Mashariki imeujua mpango huo kwa karne nyingi. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko huko Morocco, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kilwa ilitawaliwa wakati huo na al-Hasan bin Sulaiman, anayehusishwa na Husuni Kubwa, kasri lenye nyua kadhaa na hodhi la pembe nane juu ya genge linalotazama bahari. Gedi, karibu na Malindi, mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948 mji wa mawe wenye kasri, visima na nyua za kupokelea wageni, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Lamu nako, nyumba ya mawe ya kiungwana huanza na daka la mlangoni, kisha tekani, kibaraza cha ndani, kisha kiwanda, ua ulio wazi ambao vyumba vyote huutegemea kwa mwanga.

Kwa hiyo ua si kitu cha kuazimwa ng'ambo. Kinacholitofautisha boma la Kajiado na hayo yote ni kwamba ua wake haukupimwa kwa ajili ya binadamu peke yake. Umepimwa kwa ng'ombe.

Boma huanza kwa kuchagua mahali. Ardhi iwe na mteremko kidogo ili maji ya mvua yasituame, isiwe mbali mno na malisho wala maji, na isiwe mahali ambapo upepo utawaumiza ndama usiku. Kisha miiba ya migunga hukatwa na kupangwa kwa duara, mashina yakitazama ndani na ncha zikitazama nje, ili mtu aweze kuliziba lango kwa kuvuta shina naye fisi au simba akutane na miiba. Huo ndio ukuta wa jumba. Haudumu karne, lakini hutengenezwa kwa siku chache, kwa vitu vilivyopo, na hauhitaji fundi wa kulipwa.

Lango huitwa enkishomi, na kila mwenye familia ana lake. Boma moja lililokaliwa na wazee watatu au wanne lilikuwa na malango kwa idadi hiyo, na ng'ombe wa kila mzee waliingia kwa lango lao. Mke wa kwanza hujenga upande wa kulia wa lango la mumewe, wa pili upande wa kushoto, wa tatu hurudi kulia, na hesabu huendelea hivyo. Mgeni anayeijua kanuni hii anaweza kusimama uani na kuisoma familia nzima kabla hajasalimiana na mtu: nani mkubwa, nani alifuata, nyumba ya nani imo upande gani. Marrakech, cheo kilisomwa kwa marumaru na nakshi za dari. Kajiado kilisomwa kwa mahali nyumba iliposimama kutoka langoni.

Jioni ndipo ua huonyesha kazi yake. Ng'ombe hurudi kutoka malishoni wakati jua linashuka, na kila mke hukamua wale aliotengewa, karibu na nyumba yake mwenyewe. Ndama huwa wametengwa mchana kutwa. Wadogo kabisa hulala katika kizizi kidogo kilichomo ndani ya nyumba, na wanambuzi na wanakondoo huwa na zizi lao. Mifugo ikishalala katikati, nyumba huwa zimeizingira pande zote. Mwizi au mnyama mkali hana budi kupita miiba kwanza, kisha kupita katikati ya nyumba za watu.

Nyumba yenyewe, enkaji, ni ndogo kuliko mtu anavyotarajia. Kwa kawaida huwa na upana wa mita 3 hivi, urefu wa mita 5, na kimo kisichozidi sana mita 1.5, kiasi kwamba mtu mrefu hawezi kusimama wima ndani yake. Mlango haufunguki moja kwa moja sebuleni. Anayeingia huinama, hufuata njia nyembamba inayojikunja kama gamba la konokono, kisha hugeuka ndipo aone moto. Mpindo huo huzuia upepo, huzuia macho, na humpunguza kasi adui. Fundi wa Marrakech aliyeipindisha njia ya kutoka mtaani hadi uani alikuwa akifikiria jambo lile lile.

Ndani kuna giza la makusudi, kwa sababu mwanga mwingi huleta joto na nzi. Tundu la ukubwa wa ngumi hupitisha mwale mmoja na moshi kidogo. Mafiga matatu yako katikati. Pembeni pana kitanda kikubwa cha fito kilichotandikwa ngozi, cha mama na watoto wadogo, na kitanda kingine cha mume au mgeni. Vibuyu vya maziwa vimetundikwa ukutani, vimesafishwa kwa kijinga cha mzeituni wa mwituni, mti ambao Wamaasai huuita oloirien na ambao huyapa maziwa harufu yake ya moshi.

Anayeijenga nyumba hii ni mwanamke.

Ndiye anayekata nguzo, mara nyingi za leleshwa, mti mgumu usioliwa upesi na mchwa. Huzisimamisha ardhini kwa mstari wenye pembe zilizolainishwa, huzifuma kwa fito nyembamba zinazokunjika, na hufunga viungo kwa kamba za magome. Paa hulipinda kidogo ili maji yateremke, kisha huliwekea majani na nyasi. Halafu huja kazi ya kukandika. Samadi mbichi huchanganywa na udongo na majivu, hukandwa kwa mikono na miguu mpaka ishikane, kisha hupakwa kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka. Nyuzi fupi za nyasi zilizosagwa tumboni mwa ng'ombe ndizo zinazoushikilia ukuta usipasuke unapokauka, na majivu husaidia kuwafukuza wadudu. Ukuta ukikauka vizuri huwa mgumu na hauna harufu.

Adui mkubwa wa nyumba hii ni mvua. Msimu unapokuwa mkali paa huanza kuvuja, na mwenye nyumba hulazimika kupanda juu, hata usiku wa manane, kuziba nyufa kwa samadi mbichi. Kazi hiyo ni yake kama nyumba ilivyo yake. Katika mila ya Wamaasai, mume hana nyumba yake binafsi ndani ya boma. Nyumba ni za wake zake, naye hulala kwa huyu au kwa yule. Ni usanifu ambao mwanamke ndiye mchora ramani, fundi na mwenye nyumba kwa wakati mmoja.

Historia hii haikuandikwa juu ya mawe, lakini imeandikwa ardhini. Boma hukaliwa kwa miaka kadhaa, kisha wenyewe huhama, ama kwa kufuata malisho, ama kwa kuwa samadi imejaa mno uani. Wanachoacha ni duara la mboji. Mwaka 2018 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa katika kaunti jirani ya Narok, kwenye mahali palipokuwa mazizi ya wafugaji wa kale kati ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita. Udongo wa mahali hapo ungali na rutuba kuliko nyika inayouzunguka, nyasi zake ni bora zaidi na wanyamapori huzifuata mpaka leo. Wafugaji hao walikuwa wa kale kuliko Wamaasai wenyewe. Hiyo ina maana kwamba desturi ya kuwalaza ng'ombe katikati ya makazi imekuwa ikiitengeneza sura ya nyanda hizi kwa maelfu ya miaka.

Jumba la kuhamahama huhitaji ardhi isiyo na kuta. Hapo ndipo masaibu ya boma yalipoanzia.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwawekea viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana, laibon yaani kiongozi wao wa kiroho, mkataba uliowatoa katika Bonde la Ufa la kati na kuwagawa katika hifadhi mbili: Laikipia upande wa kaskazini, na kusini mwa reli, eneo linalojumuisha Kajiado ya leo. Miaka saba baadaye, mkataba wa 1911 uliwataka waliokuwa Laikipia nao wahamie kusini. Waliopinga walikwenda mahakamani, na kesi yao, iliyofunguliwa kwa jina la Ole Njogo, ilitupiliwa mbali mwaka 1913. Maboma ya kaskazini yakawa makovu ya mboji katika mashamba ya walowezi.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 ya wawakilishi wa makundi iliigeuza ardhi ya Wamaasai kuwa ranchi za pamoja, kila moja na orodha ya wanachama wake. Katika nyanda za Kaputiei, mashariki na kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ranchi ya Kitengela ilikuwa na zaidi ya hekta 18,000. Mwaka 1988 iligawanywa, na kila mwanachama akapewa kipande na hati yake. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na eneo kubwa la aina hiyo likajengwa Athi River, mwendo mfupi kutoka Kitengela. Wafanyakazi walihitaji pa kulala. Wenye hati walianza kuuza ekari moja, kisha tano, kisha zote.

Sensa zinaonyesha kilichofuata. Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009. Kufikia 2019 ilikuwa na 1,117,840, na Kitengela peke yake ilikuwa imepita watu 150,000.

Mgawanyo wa ardhi ulilivunja duara kabla saruji haijafika. Wazee waliokuwa wakikaa boma moja, kila mmoja na lango lake, sasa kila mmoja alitakiwa akae kwenye kipande chake ili asinyang'anywe. Boma la familia kadhaa likawa la familia moja. Mke wa tatu hakuwa na haja ya kuhesabu upande wa lango, kwa kuwa mumewe alimjengea chumba cha mabati karibu na barabara, au alihamia mjini na watoto wanaosoma. Ng'ombe wakapungua, na ng'ombe wakipungua samadi hupungua, na samadi ikipungua nyumba haiwezi kukandikwa.

Haki itendeke kwa mabati pia. Wanawake wengi wa Kajiado waliyapokea kwa furaha, na sababu zao ni nzito. Paa la bati halimwamshi mtu usiku wa mvua kwenda kuziba nyufa. Maji yake hukingwa kwenye tangi, na mwanamke hapigi tena kilomita nyingi kutafuta maji. Moshi uliojaa ndani ya enkaji uliumiza macho na vifua vya akina mama na watoto kwa vizazi vingi. Hakuna anayestahili kulazimishwa kuishi katika moshi kwa ajili ya kumfurahisha mtalii.

Tena kuna njia ya kati, na ilishajaribiwa. Katika miaka ya 1990 shirika la ITDG, ambalo leo huitwa Practical Action, lilifanya kazi na wanawake wa Kajiado kuboresha nyumba zao badala ya kuzibomoa. Kuta ziliinuliwa mtu aweze kusimama wima, madirisha yakaongezwa, na paa la kale likapakwa tabaka jembamba la saruji juu ya wavu wa waya ili lisivuje na liweze kukinga maji. Baadaye zikaja bomba za kutolea moshi juu ya jiko. Fundi alibaki kuwa mwanamke mwenyewe, na ujuzi wake ndio uliokuwa msingi wa kila badiliko.

Ardhi iliyo wazi nayo ilitafutiwa njia. Kuanzia mwaka 2000, wenye ardhi wa Kitengela walianza kulipwa dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka wakikubali kutoizungushia ardhi yao uzio, kutoigawa na kuacha wanyamapori wapite. Mpango huo ulibuniwa kwa ajili ya nyumbu na pundamilia wanaotoka Hifadhi ya Nairobi, lakini uliwafaa pia ng'ombe na maboma, kwa kuwa wote huhitaji kitu kimoja. Hata hivyo, kodi hiyo haikuweza kushindana na bei ya ploti.

Bahia nayo ilipita katika shida zake. Ba Ahmed alipofariki mwaka 1900, mali ya jumba lake ilinyang'anywa mara moja. Kuanzia 1912 Wafaransa walilifanya makazi ya mwakilishi wao mkuu, Lyautey. Tetemeko la Septemba 8, 2023 liliharibu baadhi ya sehemu zake. Lakini Morocco inajua kilichomo ndani ya jumba hilo. Vipimo vyake viko, na hata jina la msanifu wake, Muhammad bin Makki al-Misfiwi, limehifadhiwa. Ukuta wake ukianguka, kuna pa kuanzia kuurudisha.

Boma la Kajiado halina akiba ya namna hiyo. Hii ni licha ya kwamba Kenya imelinda magofu ya Gedi kisheria tangu 1927. Hata sherehe zilizotambuliwa na dunia hulitegemea: mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe tatu za rika za Wamaasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Eunoto haifanyiki ukumbini. Huhitaji kijiji maalumu kinachojengwa na mama za morani kwa samadi na fito, pamoja na osinkira, nyumba kubwa ya ibada inayosimamishwa kwa ajili ya sherehe hiyo. Wakikosekana wanawake wanaojua kuzijenga, urithi uliotambuliwa na dunia utakosa pa kufanyikia.

Kulizungushia boma moja kamba na kulitundikia kibao cha makumbusho hakutasaidia, kwa sababu jengo hili halikukusudiwa kudumu. Kinachodumu ni ujuzi, na ujuzi huo umo mikononi mwa wanawake ambao wengi wao sasa ni wazee. Serikali ya Kaunti ya Kajiado na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ziwaandikishe mafundi hao kwa majina, kwa ridhaa yao, kata kwa kata, na ziwalipe kufundisha. Vyuo vikuu vinavyofundisha usanifu vilete wanafunzi Kajiado wapime maboma yaliyobaki, wachore mpindo wa mlango, waandike mchanganyiko wa udongo, samadi na majivu, kama wanavyofundishwa kuchora kasri za ng'ambo. Na mkazi wa Kitengela aliyenunua ploti yake hamsini kwa mia aulize, kabla ya kuinua ukuta, ni nani aliyekuwa na lango mahali hapo, na ng'ombe walipita upande gani.